Vayoleti za Amani

Jamani nimerudi toka bustani ya mimea ya Amani, ile ya Muheza kule Tanga, na viatu mpaka leo havijakauka. Basi lilipanda kona kwa kona, masikio yanaziba, nikajua huko juu ni baridi lakini ukungu ule sikuutegemea, lenzi ya simu kila saa naifuta na kanga.

Bustani yenyewe Wajerumani waliianzisha 1902, wakaleta miti toka kila pembe ya dunia wajaribu ipi ina pesa, kwa hiyo unatembea tu unakuta mdalasini, mara mkafuri, mara mianzi minene kama nguzo za umeme. Mingine imetoroka zamani ikaingia msitu wa asili, sasa ni kero.

Ila mimi nilifuata vayoleti, yale maua. Zile watu wa Ulaya wanaweka dirishani kwenye vikopo, asili yake ni milima yetu hii ya Usambara, na mimi mtu wa Tanga sijawahi kuziona 😂 Mwongozaji akaniambia "dada usikanyage hapo", kumbe niko juu yake kabisa! Zinaota kwenye mwamba wenye kivuli karibu na maji, vijimajani vina manyoya, ua la zambarau dogo kuliko nilivyofikiria. Nikawasha flashi, picha ikatoka nyeupe pee, nikazima, simu nikaiegemeza kwenye jiwe nikabana pumzi nipate moja safi. Nimepiga arobaini hivi, nzuri tatu, halafu chaji kwisha na kima wakatokea muda huohuo.