Cefalù, mji wa mfalme aliyeandikiwa habari za Malindi

Kutoka kituo kikuu cha reli cha Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily nchini Italia, hadi Cefalù ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Kaa upande wa kushoto, ndiko iliko bahari. Utapita Bagheria, utapita Termini Imerese, mashamba ya milimau yataonekana na kupotea upande wa pili, halafu ghafla utaliona jabali. Wenyewe wanaliita La Rocca. Lina kimo cha mita 270 hivi na limesimama peke yake ufukweni, na mji wote umejibanza chini yake baina ya mwamba na maji.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kwetu Kiitaliano wengi tunakiokota utotoni, ufuoni na sokoni, kwa sababu ya Waitaliano waliohamia na wageni wanaokuja kila msimu. Sicily nilikuja kumtembelea mama mdogo anayefanya kazi Palermo. Lakini Cefalù nilikuwa na hamu nayo ya siku nyingi, tangu nilipojua kwamba mfalme aliyeanzisha kanisa kuu la mji huu, Roger wa Pili, ndiye aliyemwagiza mwanajiografia Al-Idrisi amwandikie kitabu cha dunia nzima. Kitabu kilikamilika mwaka 1154. Malindi imo ndani yake kwa jina, na Mombasa imo, pamoja na habari za chuma kilichochimbwa pwani yetu. Vasco da Gama hajazaliwa, wala babu wa babu yake. Huku Sicily mfalme Mnormani, wa ukoo uliotoka Normandia, Ufaransa, anasomewa kwa Kiarabu habari za watu wa Malindi na kazi zao. Nilitaka kuona mtu wa namna hiyo alijenga nini.

Tena baba yangu alikuwa mwashi, fundi wa mawe ya matumbawe na chokaa, na alinilea nikitazama nyumba kwa jicho lake: tao kwanza, kisha kona, kisha dari. Mpaka leo siwezi kuingia jengo la kale nikaanza na kitu kingine.

Barabara kuu ya mji mkongwe inaitwa Corso Ruggero, kwa jina la mfalme huyo huyo. Ni nyembamba, imesakafiwa kwa mawe, na vichochoro vinakatika kutoka kwake kuelekea baharini. Njiani kuna Osterio Magno, jumba ambalo wenyeji husema lilikuwa makao ya Roger. Sehemu iliyobaki ni ya karne ya 13 na 14, enzi za ukoo wa Ventimiglia. Upande mmoja waashi wamepanga mistari ya jiwe jeusi la volkano na jiwe la manjano, na madirisha yamegawanywa kwa vinguzo vyembamba. Nililitazama kwa heshima lakini sikukawia, maana mwisho wa kila kichochoro minara ya kanisa ilikuwa ikinichungulia.

Uwanja wa kanisa una mitende, na kanisa lenyewe limeinuliwa juu ya ngazi, jabali likiwa limesimama nyuma yake. Minara miwili ya mraba, kuta nene, madirisha membamba: ukiambiwa ni ngome utaamini. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1131, miezi michache tu baada ya Roger kuvikwa taji Palermo siku ya Krismasi ya 1130. Wenyeji wana kisa chao, kwamba mfalme alikumbwa na dhoruba baharini, akaweka nadhiri, na chombo kikamfikisha salama ufukweni hapa. Kisa ni kizuri na sisi watu wa pwani tunajua nadhiri za baharini. Mimi hata hivyo naona sababu nyingine. Taji lake Roger alipewa na Anacletus wa Pili, papa ambaye sehemu kubwa ya Ulaya haikumtambua. Mfalme mpya, taji lenye ubishi, visiwa na bara la kutawala: mtu kama huyo anahitaji jengo litakalosema kwa sauti kwamba amekuja kukaa.

Kabla ya kuingia, zunguka nje. Juu ya uso wa kanisa kuna safu ya matao madogo ya pambo yanayopishana, kila tao likipita juu ya mwenzake na kwenda kuangukia nguzo ya tatu. Hayabebi kitu, ni urembo mtupu, lakini mtu aliyeyachora alijua hesabu yake. Hii ndiyo sanaa inayoitwa ya Kiarabu na Kinormani, na tangu 2015 kanisa hili limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo ya Palermo na kanisa kuu la Monreale.

Nilijitanda mtandio wangu vizuri nikaingia. Mimi ni Mwislamu, nilisimama kwanza karibu na mlango nikitafuta pa kuweka macho. Yalikwenda kwenye matao. Yamechongoka juu, na yamekaa juu ya nguzo 16 za kale zilizotolewa katika majengo ya zamani zaidi, nyingi za graniti ya waridi. Mtu aliyewahi kutembea kwenye magofu ya Gedi, kilomita chache kutoka kwetu, akapita chini ya lango la jumba la mfalme, hataona tao la namna hii kuwa geni. Hapa Sicily lililetwa na Waislamu waliotawala kisiwa kabla ya Wanormani. Cefalù yenyewe waliichukua mwaka 858, na Wanormani wakaitwaa miaka ya 1060. Watawala walibadilika, mafundi walibaki na vipimo vyao.

Kisha nikainua macho mbele, kwenye ukuta wa nusu duara nyuma ya altare.

Kristo wa mozaiki, picha ya vijiwe vidogo vilivyopangwa, amejaza kuba lote. Mkono wa kuume unabariki, wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa, na katika kurasa zake mbili aya ile ile ya Injili ya Yohana, “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu”, imeandikwa kwa Kigiriki upande mmoja na Kilatini upande wa pili. Vishungi viwili vya nywele vimeangukia paji la uso. Chini yake Maria amesimama ameinua mikono, kati ya malaika wakuu wanne, na chini zaidi wako mitume. Maandishi yanataja mwaka 1148, na kazi ni ya mafundi wa Kibizanti, Wagiriki wa dola ya Konstantinopoli. Kila kijiwe cha dhahabu ni kipande cha kioo chenye jani jembamba la dhahabu ndani, na fundi hakuvilaza vyote sawasawa. Aliviinamisha kidogo, huku na huku, ili kila kimoja kikamate mwanga kwa wakati wake. Ukisogea hatua moja, ukuta mzima unabadilika. Nilisogea mara nyingi, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akanitazama, akacheka, akaniambia, “Mimi niko hapa tangu utotoni, signora, bado nasogea.”

Imani yangu haichori watu katika nyumba ya ibada. Lakini nasema bila kusita kwamba ni kazi kubwa kuliko zote nilizopata kuona kwa macho yangu.

Halafu tazama juu, kwenye dari. Watalii wengi hawafanyi hivyo, na ni hasara kwao. Boriti zina mabaki ya michoro ya rangi, kazi ya mkono wa Kiislamu kama ile ya dari ya kanisa la jumba la kifalme Palermo. Basi hesabu mwenyewe: nguzo za kale, vioo vya Wagiriki, dari na matao ya Waarabu, ibada ya Kilatini, na juu yao wote mfalme ambaye babu yake alikuwa mwungwana wa kijijini Normandia.

Waongozaji wa watalii wanapenda kumalizia hapo, kwa maneno ya watu kuishi pamoja kwa amani. Mimi siwezi. Msafiri Ibn Jubayr alipita Cefalù mwishoni mwa mwaka 1184, akitoka Hija, na alikuta jamaa ya Waislamu wakiishi hapa katika mji wa masoko na matunda. Haikupita hata miaka hamsini, mjukuu wa Roger, Frederick wa Pili, alikuwa amekwisha kuanza kuwahamisha Waislamu wa Sicily kwa nguvu kwenda Lucera, bara, kusini mwa Italia. Mji huo wao ulivunjwa mwaka 1300 na watu wengi wakauzwa utumwani. Dari ilibaki. Wenye ufundi wao hawakuachwa wabaki. Nikiwa chini ya zile boriti sikuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili, na sioni kwa nini mgeni yeyote ayatenganishe.

Madirisha ya kanisa yana vioo vya rangi vya zama zetu, kazi ya Michele Canzoneri wa Palermo. Wenyeji wanabishana juu yake mpaka leo; mimi vilinipendeza asubuhi, jua lilipopita.

Ua wa watawa ubavuni mwa kanisa usiuache. Nguzo zimepangwa mbili mbili, na vichwa vyake vimechongwa wanyama, watu na visa vya Biblia. Kimoja kina safina ya Nuhu. Nilikizunguka muda mrefu, maana mchongaji ameijua merikebu.

Jirani na uwanja kuna jumba la makumbusho la Mandralisca, alilouachia mji baroni Enrico Pirajno di Mandralisca, mtu wa karne ya 19 aliyekusanya kila kitu, hata makombe ya baharini kwa maelfu. Wageni huenda kuona picha ndogo ya Antonello da Messina, mwanamume anayekutazama kwa tabasamu la mtu anayejua siri yako. Inastahili sifa zake. Lakini mimi nilinaswa na chungu cha karne ya 4 kabla ya Kristo kilichochorwa muuza jodari: kisu kimeinuliwa juu ya samaki, na mteja amenyoosha mkono wenye sarafu. Bei bado hawajakubaliana, inaonekana wazi.

Ukishuka barabara ya Vittorio Emanuele utakuta ngazi za jiwe jeusi zinazozama chini ya usawa wa barabara, mpaka mahali pa kufulia pa zama za kati. Maji ya mlimani yanatoka kwenye midomo 22 ya chuma, mingi ikiwa na sura ya simba, yanapita kwenye mabirika ya mawe yenye vibao vya kusugulia nguo, kisha yanaingia pangoni kwenda baharini. Maandishi ya Kilatini ukutani yanausifu mto huu, Cefalino, kuwa safi kuliko fedha na baridi kuliko theluji. Nilitia mikono, ubaridi hawakuongeza chumvi. Bibi mmoja aliyekuwa na wajukuu wake aliniambia mama yake alifulia hapa, na kila mwanamke alikuwa na birika lake. Nikamuuliza, “Na ukimkuta mwingine mahali pako, bibi?” Akasema habari za ugomvi ule zilifika jabalini juu kabla ya nguo kukauka.

Bandari ya zamani ni hatua chache kutoka hapo, na unaiingia kupitia Porta Pescara, lango pekee lililobaki kati ya manne ya mji wa kale. Nyumba zimeota moja kwa moja kutoka kwenye miamba ya bahari, ukuta wa nyuma wa nyumba ndio ukuta wa mji. Chumvi imekula mawe hadi usawa wa dirisha la kwanza. Baba angesema panahitaji chokaa upya kila baada ya masika, na angekuwa sahihi.

La Rocca panda asubuhi na mapema, jua halijawa kali, na uvae viatu vya kushika mwamba. Katikati ya njia kuna kuta zenye meno, na kuna jengo la mawe makubwa ajabu wanaloliita hekalu la Diana, lenye mlango wa jiwe la zama za Wagiriki, limejengwa mahali penye kisima cha zamani zaidi. Enzi za Bizanti watu walihamia huku juu kujikinga na mashambulizi. Roger ndiye aliyeurudisha mji ufukweni. Kutoka kileleni nililiona kanisa kutoka mgongoni, na hapo jicho la mwashi likapata jibu. Sehemu ya altare imepanda juu sana, na ukumbi wa waumini uko chini zaidi, paa haziungani kwa urefu. Nia ilikuwa kubwa kuliko kilichomaliziwa.

Na nia yenyewe ilikuwa kaburi. Mwaka 1145 Roger aliweka ndani ya kanisa hili majeneza mawili ya mawe ya porfiri ya zambarau, moja likiwa la kuzikwa yeye. Alipofariki mwaka 1154, mwaka ule ule wa kitabu cha Al-Idrisi, alizikwa Palermo. Mwaka 1215 Frederick aliyachukua majeneza yote mawili.

Kwa hiyo niliporudi Palermo nilikwenda kanisa kuu pamoja na mama mdogo. Frederick amelala ndani ya jeneza moja la Cefalù, na juu yake palikuwa na maua mabichi. Roger yuko jirani, katika kaburi la vibao vya porfiri visivyo na nakshi. Tulipotoka kwa mlango wa kusini, mama mdogo akanivuta mkono: “Njoo usome hili, mwanangu, mimi macho yangu hayafiki.” Nguzo ya barazani imechongwa maandishi ya Kiarabu, aya ya 54 ya Sura Al-A’raf, inayosema Mwenyezi Mungu huufunika mchana kwa usiku. Nilianza kuisoma kwa taabu, nikaimalizia kwa kichwa kama tulivyofundishwa chuoni. Wanafunzi wa shule waliokuwa na mwalimu wao wakasimama, mmoja akauliza maana yake. Nikamweleza kwa Kiitaliano cha Malindi, naye akataka nirudie ili aandike.