Kupima umeme wa ubongo Kisumu, mwaka wa korona

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 13, 2020, na kafyu ikaja mwezi huohuo. Maabara ya EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, haihamishiki nyumbani: lazima mtu ainamie kichwa cha mwenzake, asugue ngozi, atie jeli, abandike elektrodi 21, vile vipande vidogo vinavyonasa umeme, vilivyoshikizwa kwenye kofia. Kilichowezekana kufanywa kwa simu ni maswali ya afya na maagizo ya nywele. Hayo ya nywele yana uzito, maana matuta yanayoacha njia wazi kutoka usoni hadi kisogoni hurahisisha kazi, ilhali wigi ya kushonea huifunga kabisa.

Barakoa ilikuwa kero kuliko yote. Kamba zake hupita nyuma ya sikio, palepale inapokaa elektrodi ya rejea, ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo. Ikivutwa kidogo tu, mistari yote ya mawimbi kwenye skrini huyumba pamoja. Tumia ya kufungwa kisogoni, kisha pima upya ukinzani wa umeme kati ya ngozi na elektrodi. Ukizidi kilo-omu 5, ongeza jeli.

Madirisha yanayoachwa wazi kwa ajili ya korona nayo yana gharama. Joto la mchana huleta jasho, na jasho huchora mawimbi mapana, ya polepole, yasiyotoka ubongoni. Feni ikisogezwa karibu inaongeza mvumo wa hezi 50, yaani wa umeme wa ukutani. Bora kupima asubuhi.

Kofia ya elektrodi ioshwe kwa maji vuguvugu kabla jeli haijakauka, kwani chini ya jeli kavu dawa ya kuua virusi haipenyi. Baada ya dawa, suuza, anika kivulini. Kofia moja haitoshi. Ikiwa bado mbichi, mshiriki anayefuata atasubiri.