Sarafu mbili za makuta

Mwaka 2009 nilikuwa nikipiga chapa katika sekretaria ndogo ya Nyawera, mjini Bukavu. Ilipofika Julai, wanafunzi walileta kazi zao za mwisho zikiwa zimeandikwa kwa mkono, nami nilizipiga tangu asubuhi hadi umeme ulipokatika. Meza yetu ilikuwa ya kulia chakula, na kiti changu cha plastiki kilikuwa kifupi mno kwake, hivyo mabega yangu yalipanda karibu na masikio, viganja vikaegemea ukingo wa ubao, na vifundo vya mikono vikabaki vimekunjwa kwa nyuma kutwa nzima.

Usiku mmoja niliamka mkono wa kulia umekufa ganzi. Nilidhani ni baridi ya ziwa.

Mama tuliyefanya naye kazi, daktilo, yaani mpiga chapa, tangu enzi za mashine za chuma za Zaire, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Na kidole kidogo, mwanangu?» Nilimjibu kwamba hicho kilikuwa kizima. Akatikisa kichwa, kwa kuwa naye aliwahi kuugua hivyo, na daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo hubanwa kinapokunjwa, na kwamba mshipa huo haufiki kwenye kidole kidogo.

Hakunipa dawa. Aliweka mito miwili kwenye kiti hadi viwiko vyangu vikalingana na kibodi, akasukuma katoni chini ya miguu iliyokuwa sasa ikining'inia, akainua skrini kwa rimu za karatasi mpaka ukingo wake wa juu ukafikia macho yangu. Halafu akatoa kwenye kitambaa sarafu mbili za makuta 5, pesa za zamani za Zaire, akaniwekea moja juu ya kila mkono. «Piga.»

Zilianguka kabla sijamaliza mstari, na kila nilipoinama kutafuta herufi zilianguka tena. Alinionyesha vijipele vilivyo juu ya F na J, ambavyo nilikuwa nimevigusa mwaka mzima bila kujiuliza ni vya nini; kutoka hapo vidole vya kushoto vilikaa juu ya QSDF, na vya kulia juu ya JKLM, kama kibodi zetu za Kifaransa zilivyopangwa. Niliona aibu, kwani wateja walikuwa wakicheka, na kasi yangu ilishuka vibaya.

Ganzi ilichukua majuma kadhaa kuondoka. Lakini siku ileile, kabla ya jioni, nilipiga aya nzima sarafu zikiwa zimetulia. Mama alizichukua, akazihesabu zote mbili, ingawa zilikuwa hazinunui hata punje ya chumvi, akazifunga tena kwenye kitambaa chake.