Mizani ya iliki ndiyo iliyonichagulia kisahani

Ukienda kununua kisahani cha kurusha, kile ambacho wengi hukiita frizbi, usikubali mtu akwambie "vyote ni plastiki tu." Mimi nimeambiwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili pesa imekwenda na maji.

Chanzo ni goti. Daktari alinikataza mpira wa miguu, na binti yangu Neema, ana miaka 10, hakutaka kabisa baba wa kukaa kwenye mkeka akimwangalia. Tunakaa Msasani, Coco Beach ni kwa miguu tu, mchanga upo bure. Kisahani kikirushwa vizuri kinaelea, unakifuata kwa hatua mbili tatu bila mbio. Nikaona hapo goti na mtoto wote wamepata haki yao.

Cha kwanza nilikinunua Kariakoo, kama elfu tatu hivi. Kilikuwa chepesi kama mfuniko wa ndoo, lakini rangi zake zilimfurahisha Neema. Muuzaji akasema, "Chukua hicho bosi, vyote ni plastiki tu." Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza. Nilikirusha kuelekea kwa Neema, hatua kumi na tano hivi. Kikaenda sawa nusu ya njia, halafu kikainua pua, kikasimama wima hewani, kikapinduka na kurudi kupita juu ya kichwa changu mpaka kwa wakaanga mihogo. Tukajaribu tena na tena. Mara ya sita au ya saba upepo ukakibeba mpaka baharini, na maji yalikuwa yanakupwa, kwa hiyo yakaondoka nacho. Neema alisimama na maji magotini akikitazama kinavyozidi kuwa kidogo. Hakulia, lakini njiani hakusema neno. Jambo hilo liliniuma kuliko elfu tatu.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kisahani hutulia hewani kwa sababu kinazunguka, na uzito ukikaa kwenye ukingo, mzunguko unadumu na upepo haukipindui kirahisi. Kile changu ukingo wake ulikuwa mwembamba sawasawa na katikati. Hakikuwa na cha kupambana na kusi.

Nilipomsimulia mwenzangu kazini, akaniambia kwa uhakika mkubwa: "Tafuta kidogo na kizito, kinapasua upepo. Plastiki ni plastiki." Nikaagiza kwa mtu anayeuza mtandaoni, elfu arobaini na kitu. Kweli kilipasua upepo. Kilikuwa na upana wa sentimita 21 tu, na ukingo wake umechongoka. Neema alinyosha mkono kukidaka, kikampiga kwenye ncha ya kidole cha kati. Kidole kikavimba, tukatafuta barafu kwa muuza madafu. Kumbe vile ni vya gofu ya visahani: mchezaji analenga kikapu cha minyororo, hakuna anayeweka mkono mbele yake. Jumatatu nilimfuata yule mwenzangu na kumwambia ukweli wangu wote. Mtu asiyewahi kudaka kitu asimshauri mzazi.

Hapo nikaamua kusoma mwenyewe. Upo mchezo unaoitwa Ultimate, ulioanzishwa na wanafunzi wa sekondari huko Maplewood, New Jersey, Marekani, mwaka 1968. Ni timu mbili, na wachezaji wa kila timu wanarushiana wao kwa wao kisahani siku nzima na kukidaka kwa mikono mitupu. Wao hutumia cha gramu 175, upana wa sentimita 27 hivi. Nikasema basi, namba yangu ni hiyo.

Jumamosi nikaenda Karume kwenye mitumba. Vitu vya kuchezea vinamwagwa chini kwenye turubai, na katikati ya midoli na raketi nikakuta visahani vitatu vinavyofanana kabisa kwa upana. Viwili vilikuwa na matangazo ya kampuni za ng'ambo, cha tatu kilikuwa cha rangi ya chungwa, kimekwaruzika, maandishi ya chini yamefutika. Kwa macho usingevitofautisha. Mkononi nilihisi tofauti, lakini mkono si wa kuamini ukiwa umeshaumwa mara mbili.

Hatua chache kutoka pale alikuwapo mama mmoja anauza viungo, na mbele yake mizani ndogo ya kidijitali, maana iliki haipimwi kwa kukadiria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, nikupimie nini?"

"Nipimie hivi."

Alivitazama, akanitazama, kisha akafuta vumbi la bizari kwenye mizani kwa upande wa khanga na kuweka cha kwanza. 88. Cha pili, 121. Akaweka cha chungwa, namba zikacheza kidogo, zikatulia: 174. Nilipiga makofi. Yule mama naye akacheka, akaita jirani yake aje aone. Nilinunua iliki ya elfu mbili kwa shukrani, na kisahani nikakipata kwa elfu nne au tano, baada ya kukilaza juu ya ubao bapa na kuona hakiyumbi. Kikiyumba mezani, hewani kitayumba pia.

Ukishajua uzito, ingiza vidole chini ya ukingo. Uwe mnene, wa mviringo, unaokaa kwenye kiungo cha kidole bila kukata. Pitisha kucha juu, karibu na bega lake, pale kinapoanza kuinama kuelekea ukingoni: mistari ile ya duara si urembo. Ed Headrick wa Wham-O, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza frizbi, aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, mwaka 1967, kwa sababu inakisaidia kisahani kutulia kikiruka. Cheupe na cha buluu usinunue kwa ajili ya ufukweni, vinapotea machoni kwenye mng'ao wa bahari.

Neema sasa anakidaka kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini, kama anayefunga kitabu, na kidole chake hakijaguswa tena. Mwanzoni gramu 174 zilimlemea. Nilimfundisha kukikunjia kuelekea tumboni na kukifyatua kwa kiwiko na kifundo cha mkono, si kwa bega, na kusi ikikaza akishushe pua. Sasa ananifikia hatua ishirini.

Kwenye buti la gari hakilali tena. Niliwahi kukiacha mchana mmoja wa mwezi wa pili, nikakikuta kimepinda kama ganda la chaza. Nilikitia kwenye maji ya moto, nikakilaza sakafuni na kukibana kwa sufuria la pilau mpaka asubuhi, kikanyooka. Siku hizi kinaning'inia nyuma ya mlango, na watoto wa jirani wanajua. Jumapili wanaanza kugonga saa moja asubuhi: "Baba Neema, maji yameshakupwa!"