Visahani viwili vya adapta

Stima ikikonyeza usiku, asubuhi Usita wa Mui mzima, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, hunishukia na adapta: za ruta, za ving'amuzi, za kompyuta.

Mpwa wangu, ambaye siku hizi hukaa nami kibarazani akitoka madrasa, leo kanionyesha kisahani cheusi kando ya fyuzi. "Mjomba, hii si kapasita?" Nikamwambia asome. 10D-9. Yaani omu 10 kwenye joto la nyuzi 25, kipenyo milimita 9: thamista ya NTC, rezista ambayo omu zake hushuka ikipata moto. Jirani yake wa buluu kaandikwa 10D471K, na hapa ndipo wengi hukorogeka, kwani hiyo 10D sasa ni kipenyo, na 471 ni volti 470. Hiyo ni varista, kinga ya volti zikizidi.

Maandishi yakiungua, fuata njia ya shaba. Thamista imesimama njiani, mkondo wote hupita ndani yake kuelekea diodi. Varista imekaa baina ya nyaya mbili za stima, inangoja volti zipande kupita kiasi. Mita nayo husema. Kijana aliipima thamista, akapata omu 8 na kitu, akadhani imekufa. Kumbe ni joto letu la Lamu tu. Nikaisogezea pasi ya kulehemu, akaona namba zinateremka. Varista ilikaa wazi vile vile, mita haisomi kitu.

Kazi ya thamista ni ya kufumba na kufumbua. Volti 240 zetu kilele chake ni kama 340, na kapasita kubwa ikiwa tupu hunywa kwa pupa. Omu 10 huubana mkondo usipite ampea 34 hivi, kisha thamista hupata moto na kuulegezea. Ila stima ikikatika na kurudi papo hapo huikuta bado ya moto, haizuii kitu. Nawaambia wateja wachomoe, wangoje dakika mbili tatu. Nani angoje!

Chaja ndogo za simu hazina kisahani. Hutiwa rezista ya omu chache ambayo ndiyo fyuzi pia. Usiweke ya kawaida mahali pake, itawaka moto badala ya kukatika.

Kilichonikera ni adapta moja ya ruta: fundi fulani kang'oa thamista, kaunga waya. Inafanya kazi, ndiyo, mpaka diodi zipasuke. Nimetoa waya, nikatia 10D-9 ya mtumba. Mwenyewe kaja baada ya alasiri, kakitazama kile kisahani, kauliza mbona shilingi 200 kwa kitu mfano wa kifungo cha shati.