Ukoko wa Arusi

Mwezi wa Shaabani mwaka 2015, kule Makorora, Tanga, arusi zilikuwa zinafuatana, kila mtu akiwahi kabla ya Ramadhani. Jumamosi moja nyumba ya tatu kutoka kwetu walipika pilau masufuria mawili makubwa, kilo ishirini za mchele kila moja. Usiku shughuli ilipokwisha, shangazi akaja na ndoo ndogo imejaa ukoko. "Mpeni na mlinzi wenu ale arusi," akasema.

Mlinzi ni Popi, mbwa wa kienyeji wa kilo 14. Bakuli lake lilikaa nyuma ya choo cha nje, likaoshwa huko huko, halikuchanganywa na vyombo vya ndani. Usiku ule nikamtilia ukoko, Jumapili asubuhi nikamtilia mwingine, na Jumatatu akamalizia ndoo.

Jumapili alitapika mara moja. Tukasema ni mafuta. Jumatatu alibweka kama siku zote, Jumanne akalala sana, na Jumatano asubuhi nilipofungua geti hakuinuka. Alipojikokota mpaka ukutani akakojoa, mkojo juu ya mchanga ulikuwa na rangi ya kahawa chungu.

Daktari wa mifugo alifika saa nne. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinua mdomo wa juu. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole zinageuka nyeupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Za Popi zilikuwa nyeupe kabla hazijabonyezwa, kama karatasi. Akahesabu pumzi, akasikiliza moyo uliokuwa unakimbia hali mbwa amelala, kisha akapekua nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Akatoa kupe wawili.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Pwani, wakati wa masika, mbwa mwenye fizi nyeupe na mkojo mweusi anadhaniwa moja kwa moja kuwa na homa ya kupe, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Vijidudu vya kupe huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, rangi yake ikachujwa na figo na kutoka na mkojo. Daktari yule angeweza kumchoma sindano ya kupe akaondoka. Badala yake alichukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, akalitandaza juu ya kipande cha kioo, akaenda nalo kwenye hadubini yake.

Alirudi alasiri. "Mwanangu, huyu kala vitunguu wapi?"

Nikamwambia, "Daktari, hajala kitunguu. Kala pilau tu."

Akakaa kwenye kigoda. "Pilau inaanzwa na nini?"

Kila mpishi wa Tanga anajua jibu. Inaanzwa na mafuta na vitunguu maji, vinakaangwa mpaka viwe rangi ya kahawia, ndipo vinafuata thomu, tangawizi na bizari. Kwa kilo ishirini za mchele vinakwenda kilo tano za vitunguu, na wapishi wengine huzidisha. Kitunguu kilichokaangwa hutoa maji yake, kwa hiyo kilo nzima hunywea ikawa viganja vichache, lakini kile kinachomdhuru mbwa hakitoki na maji. Moto haukiui, kukausha hakukiui, na unga wa thomu wa kwenye pakiti nao ni ule ule. Kisha vile vitunguu pamoja na mafuta huteremka chini ya sufuria. Chini ya sufuria ndiko unakotoka ukoko. Tulikuwa tumemkusanyia Popi sehemu ile ile ya pilau ambayo hakufaa kabisa kuila, tena siku tatu mfululizo.

Alinieleza alichokiona kwenye kioo. Hakukuwa na kijidudu hata kimoja. Chembe nyekundu zilikuwa na kinundu kidogo pembeni, kama kipele. Vitunguu vya aina zote, maji, thomu na vile vya majani, vina madawa ya asili yenye salfa ambayo yakitafunwa na kusagwa tumboni yanaishambulia hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa. Hemoglobini iliyoharibika huganda ikawa kinundu kwenye ukingo wa chembe. Bandama inaitambua chembe hiyo kuwa mbovu na kuiondoa. Nyingine hupasuka zikiwa ndani ya mishipa. Sisi binadamu damu yetu inavumilia. Ya mbwa haivumilii, na ya paka ni dhaifu zaidi.

Akanipa na hesabu. Gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kibichi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 14, hiyo ni kuanzia gramu 210, yaani vitunguu viwili vya kadiri. Thomu ni kali zaidi kwa uzito huo huo. Tena si lazima aile sumu hiyo kwa mara moja: kidogo leo na kidogo kesho hujumlika, kwa sababu chembe zilizoharibika jana hazijapata muda wa kurudishiwa. Na kwa kuwa uharibifu unachukua siku, dalili kubwa hutokea siku ya tatu mpaka ya tano, wakati mwenye mbwa ameshasahau alimpa nini. Mimi nilikuwa nimesahau, na nilikuwa nimeapa mbele ya daktari.

Dawa ya kuondoa sumu hiyo haipo. Ndani ya saa moja au mbili tangu mbwa ale, daktari anaweza kumtapisha, na baadaye kumpa mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni. Hili naliandika kwa nguvu kwa sababu nimeona majirani wakilifanya: usimnyweshe mbwa maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi inaingia kwenye damu, inavuta maji kutoka kwenye ubongo, na mbwa anaanza kutetemeka na kupoteza fahamu, ikawa sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi ya ule wa dawa, na maziwa hayafuti kitu.

Sisi tulikuwa tumechelewa siku nne. Popi aliwekewa dripu ili figo zisizibwe na rangi ile, akafungiwa kwenye kivuli asikimbie, kwani mbwa mwenye damu chache akikimbizana na paka moyo wake unaweza kusimama. Daktari alisema wazi kwamba fizi zikizidi kufifia na pumzi zikizidi kwenda mbio, atahitaji damu ya mbwa mwingine. Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi nililala barazani na tochi, kila saa namwinua mdomo.

Alhamisi mkojo ulikuwa bado mweusi. Ijumaa jioni ukawa rangi ya chai ya rangi. Jumapili ukawa wa manjano. Fizi zilichukua karibu wiki tatu kurudi waridi, maana uboho wa mifupa unahitaji siku kadhaa kabla haujaanza kutoa chembe mpya za kutosha.

Katika wiki hizo daktari alipita jikoni kwetu, mama akamwonyesha kapu lililotoka soko la Mgandini siku hiyo, akaligusa kitu kimoja kimoja. Boga alilipenda kuliko vyote: limenywe, litolewe mbegu, lichemshwe bila chumvi, vijiko viwili vikubwa juu ya chakula cha Popi. Linatengeneza choo, liwe limefunga au limelegea. Karoti za Lushoto zichemshwe au ziparuzwe, kwa sababu kipande kizima kinapita tumboni kama kilivyoingia. Maharage mabichi ya maganda, tango na bamia sawa, ila bamia ya kuchemsha tu, isiwe ya kwenye mchuzi. Kiazi kitamu kimenywe na kichemshwe. Kabichi kidogo, usiku wake utamsikia kwa harufu. Mchicha uchemshwe na maji yake yamwagwe, kijiko kimoja kwa siku mojamoja, kwa kuwa una oksaleti nyingi ambazo haziwafai mbwa wenye mawe ya kibofu au figo mbovu. Na mboga zote kwa jumla zisizidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Mbwa anataka nyama, dagaa, mayai.

Alipofika kwenye muhogo akasita. Muhogo mbichi una sumu ya sayanidi, na ule mchungu unayo nyingi sana. Umenywe, uchemshwe mpaka uive kabisa, maji yamwagwe. Kisamvu kisichotwangwa na kupikwa muda mrefu kisiachwe karibu na mbwa. Mbatata yenye rangi ya kijani au iliyochipua itupwe, na nyanya mbichi pamoja na majani yake vile vile. Nyama ya nyanya iliyoiva, kipande, haina neno. Zabibu kavu, ambazo wapishi wengine hutia kwenye pilau, zinaweza kuua figo za mbwa hata chache, na hakuna anayeweza kukuambia ni ngapi kwa mbwa wako. Gunzi la mahindi halina sumu yoyote, lakini ndilo lililowapeleka mbwa wengi kwenye kisu: linamezwa vipande, linakwama kwenye utumbo, mbwa anatapika kila anachokula na choo hakitoki. Kokwa la embe ni hivyo hivyo.

Mama alimuuliza kuhusu mchuzi wa samaki, maana Popi alizoea kumiminiwa juu ya ugali. Daktari akatikisa kichwa. Hata ukivichuja vile vitunguu, kilichomo kimeshaingia kwenye mchuzi. Tangu siku ile mama akawa anachemsha vichwa vya samaki pembeni, sufuria yake mbali, maji matupu, anatoa miiba na kuchanganya na dona na boga.

Baada ya Idd kulikuwa na arusi nyingine mtaa wa pili, na shangazi alikuwa mmoja wa wapishi. Usiku akaja tena na kitu mkononi, safari hii kibakuli kimefunikwa kwa sahani. Ulikuwa wali mweupe aliouteka kabla hawajagusa mafuta, na vipande vya ini la ng'ombe vilivyochemshwa juu yake. Nilifunua, nikakinusa mpaka chini, yeye akiwa amesimama ananisubiri, ndipo nikammiminia Popi.