Sidii ya Tatu

Juzi usiku binti yangu aliniuliza kwa nini nimeisimamisha filamu pale pale Paro, mpenzi wa Devdas, anapoanza kukimbia, nami nikamjibu kwamba nilitaka kunywa maji. Maji sikuyanywa. Tulikuwa tukitazama Devdas, filamu ya Kihindi, ile ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Sanjay Leela Bhansali, na kidole changu kilibonyeza rimoti kabla sijafikiri, kwa sababu picha ile niliiona ikiwa imesimama miaka mingi kabla ya kuiona ikitembea.

Ilikuwa mwaka 2003, kwa bibi yangu wa Michenzani, Zanzibar, yule ambaye kila Ramadhani sikosi kumtaja. Filamu ile ya saa tatu ilikuja kwa sidii tatu, tuliziazima kwa jirani kwa sharti la kuzirudisha asubuhi. Wajukuu tulijipanga mkekani, na Bibi aliketi nyuma yetu akichambua mchele. Kihindi hakukijua, lakini kila tukio alitutangulia kulieleza, kwani enzi za usichana wake alikuwa akienda kwenye maonyesho ya wanawake peke yao katika sinema za mjini, na huko ndiko alikoiona Devdas ya Bimal Roy ya mwaka 1955, Dilip Kumar akiwa ndiye Devdas. Shah Rukh Khan, Devdas wa filamu yetu, Bibi alimwita "huyu kijana" tangu mwanzo hadi mwisho.

Sidii mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo, tukawa tunaifuta kwa pindo la kanga na kuirudisha. Devdas alikuwa ameshafika kufia chini ya mti, nje ya geti la nyumba aliyoolewa Paro, kwa kuwa aliahidi kwamba kabla ya kufa atafika mlangoni kwake. Paro akasikia, akatoka mbio, sari yake nyeupe yenye pindo jekundu ikiburuzika nyuma kwa urefu ambao sikupata kuuona katika nguo yoyote. Hapo picha ikakwama. Nusu ya uso wa Aishwarya Rai, aliyeigiza Paro, ikavunjika vipande vya mraba, rangi nyekundu ya pindo ikamwagikia ukutani, ila mkono wake mmoja ulibaki mzima, umenyooshwa mbele, vidole vimetanuka. Binamu yangu aliinuka kwenda kuitoa sidii.

"Usiiguse," alisema Bibi. "Iwache hapo hapo. Mlango haujafungwa bado."

Niligeuka. Mkono wake ulikuwa umetulia ndani ya ungo, umezama katika mchele hadi kwenye kifundo, na macho yake yalikuwa juu ya ule mkono wa kwenye televisheni. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo nadhani niliisikia mimi tu niliyekaa karibu na miguu yake: "Siku waliyompitisha na jeneza, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikumuuliza ni nani aliyepitishwa, na baadaye, nilipopata umri wa kuuliza, niliona haya; kisha akafariki.

Nilipokuwa mkubwa niliisoma tafsiri ya riwaya yenyewe, iliyoandikwa kwa Kibengali na Sarat Chandra Chattopadhyay na kuchapishwa mwaka 1917. Mle Parvati, ndiye Paro, hapewi hata nafasi ya kukimbilia geti mpenzi wake akiwa hai. Habari humfikia wakati maiti imekwisha kuondolewa na kupelekwa kuchomwa. Bhansali alimpa zile ngazi, ule ukumbi mrefu, na pumzi ya matumaini kabla ya mume kuamuru geti lifungwe. Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyemhurumia zaidi, mwandishi au mwongozaji, na jibu langu hubadilika kila ninapoirudia filamu. Pengine Bibi angekuwa nalo.

Usiku ule tulikaa kimya tukitazama picha iliyokwama, sijui kwa muda gani, hata binamu zangu wakachoka wakalala. Kisha Babu akarudi kutoka msikitini baada ya sala ya isha, akapiga hodi kama ilivyokuwa desturi yake. Bibi akaweka ungo chini, akazima televisheni kwa mkono wake, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumfungulia.